Amana ya Mafuta: Habari za Teapot Dome na Mafundisho Yake

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani kwamba nchi kubwa, yenye mali nyingi na sheria zilizoandikwa vema, haiwezi kuibiwa na wakubwa wake. Historia yatukataza kudhani hivyo. Leo tumekusudia kuwaeleza aibu iliyoipata Serikali ya Marekani katika siku za Rais Warren G. Harding, miaka mia na zaidi iliyopita: jinsi ilivyofichwa, jinsi ilivyofichuliwa, na kwa nini Wamarekani, hata leo wanapobishana juu ya Rais wao, hawana budi kuirudia habari hiyo.

Kwanza yafaa tuijue mali yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 manowari za Marekani zilianza kuacha makaa ya mawe na kutumia mafuta yachimbwayo ardhini. Wakuu wa nchi wakaona kwamba siku ya vita manowari isiyo na mafuta ni kama bunduki isiyo na risasi. Basi kati ya mwaka 1912 na mwaka 1915 Rais Taft, na Rais Wilson baada yake, wakatenga sehemu tatu za ardhi ya Serikali, mafuta yake yasiguswe ila kwa haja ya manowari. Sehemu mbili zilikuwa California. Ya tatu ilikuwa Wyoming, nayo yaitwa Teapot Dome, kwa kuwa karibu yake pana mwamba uliofanana na birika la chai. Mafuta hayo yalikuwa amana, mfano wa ghala la nafaka ambalo wazee wa mji hulifunga lije kuwafaa watu siku ya njaa.

Mwaka 1921 Harding akashika urais. Alikuwa mtu mpole, mwenye gazeti katika mji mdogo wa Marion, Ohio, naye aliwapenda rafiki zake na kuwaamini upesi. Mmoja wa rafiki hao alikuwa Albert B. Fall wa New Mexico, aliyekuwa mwenzake katika Seneti, yaani lile baraza la juu la wajumbe wa nchi. Harding akamfanya Waziri wa Mambo ya Ndani. Na kwa desturi ya Marekani waziri huyo ndiye mwangalizi wa ardhi ya Serikali. Haukupita muda mrefu, mwezi wa Mei 1921, Rais akatia sahihi amri ya kuyatoa mafuta ya akiba mikononi mwa Waziri wa Manowari na kuyatia mikononi mwa Fall. Basi ufunguo wa ghala ukawa kwake.

Mwaka 1922 Fall akaikodisha Teapot Dome kwa tajiri mmoja, Harry F. Sinclair, na sehemu moja ya California, iitwayo Elk Hills, kwa tajiri mwingine, Edward L. Doheny. Mapatano hayo yalifanywa kwa siri, wala wafanya biashara wengine hawakuitwa kushindana kwa bei. Lakini mwezi wa Aprili gazeti moja kubwa likapata habari na kuitangaza, na Seneti ikaamuru mambo yachunguzwe.

Kazi hiyo ilimwangukia Seneta Thomas J. Walsh wa Montana, mwanasheria mwenye subira. Alisoma makaratasi kwa miezi mingi kabla ya kumwita shahidi wa kwanza, mwezi wa Oktoba 1923. Wakati huo Harding alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 2 Agosti, na Fall alikuwa amejiuzulu. Watu wengi walisema hapana haja ya kuyafukua mambo ya kale, na magazeti kadhaa yaliwakemea wachunguzi kuwa wanawachafulia watu wema majina yao. Walsh hakujibu matukano, aliendelea kuuliza.

Akauliza habari za shamba la ng'ombe la Fall kule Three Rivers, New Mexico. Majirani walikuwa wakijua kwamba mtu huyu alikuwa na dhiki ya fedha, hata kodi ya shamba ilikuwa imemshinda kwa miaka. Ghafula kodi ikalipwa, mashamba ya jirani yakanunuliwa, na mifugo mipya ikaonekana. Fedha zilitoka wapi? Fall akajibu kwamba alikopeshwa dola 100,000 na mwenye gazeti mmoja wa Washington. Walsh akasafiri mpaka Florida kumwuliza mtu huyo, naye akakiri kwamba Fall hakuzitumia fedha zake. Njia ya mwongo ni fupi. Tarehe 24 Januari 1924 Doheny mwenyewe akaja mbele ya Seneti, akasema kwamba ndiye aliyempa Fall dola 100,000, fedha taslimu, zilizochukuliwa na mwanawe katika mkoba. Akasema ulikuwa mkopo wa rafiki wa tangu ujana. Lakini pia alikiri kwamba alitumaini kupata faida ya dola 100,000,000 katika mafuta yale. Baadaye ikajulikana kwamba Sinclair naye alikuwa amempatia Fall hati za mkopo wa Serikali zipatazo zaidi ya dola 200,000. Na namba zilizochapwa juu ya hati hizo ndizo zilizowaonyesha wachunguzi njia zilikopitia.

Mwisho wa kesi hizo utufundishe. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya mahakama zote za nchi, ilivunja mapatano yote, na mafuta yakarudi kwa Serikali. Mwaka 1929 Fall akahukumiwa kwa kosa la kupokea rushwa, na mwaka 1931 akaingia gerezani, waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa uovu alioutenda kazini. Sinclair alifungwa miezi michache, kwa kukataa kuijibu Seneti na kwa kuwafuatafuata kwa siri wazee wa baraza waliokuwa wakimhukumu. Lakini Doheny, aliyetoa fedha zile zile zilizomtia Fall hatiani, aliachiliwa mwaka 1930. Mpokeaji alionekana kuwa na hatia, na mtoaji hakuonekana! Tusidanganyane, basi, kwamba haki ilitimia yote.

Na Harding je? Haikuthibitika kamwe kwamba alipata hata senti moja. Kosa lake lilikuwa kutia sahihi bila kuuliza, kwa kuwa aliyeomba alikuwa rafiki. Wazee wetu walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini liko jambo lililozaliwa katika aibu hiyo ambalo kwa maoni yetu lapita hukumu zote. Katika siku zile zile Seneti ilichunguza pia kazi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Harry Daugherty, rafiki mwingine wa Harding. Ndugu yake, mwenye benki huko Ohio, aliitwa kutoa ushahidi akakataa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mabaraza ya kutunga sheria yana haki ya kumlazimisha mtu aje kujibu, maana hayawezi kutunga sheria njema yakiwa gizani. Tena, mwaka 1924, ilitungwa sheria iliyozipa kamati kadhaa za mabaraza hayo ruhusa ya kutaka hati za kodi za mtu yeyote.

Haki hiyo ya kuuliza ilionekana faida yake miaka hamsini baadaye. Tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku katika jumba la Watergate, Washington, ndani ya ofisi ya chama kilichompinga Rais Richard Nixon. Mwaka 1973 kamati ya Seneti ikawaita mashahidi, na mmoja wao akafichua kwamba mazungumzo katika ofisi ya Rais hunaswa na mashine. Rais akakataa kuyatoa. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama Kuu, majaji wanane kwa sauti moja, ikamwamuru ayatoe kwa ajili ya kesi iliyokuwapo. Kanda zikaonyesha kwamba alishiriki kuficha uovu, na tarehe 9 Agosti akaacha kazi. Mwezi uliofuata Rais Ford, aliyemfuata, akamsamehe kabla hajashitakiwa.

Hata katika siku zetu mashindano hayo hayajakwisha. Ile sheria ya mwaka 1924 ndiyo iliyotumika kutaka hati za kodi za Donald Trump. Zilipatikana mwaka 2022, baada ya kushindana kwa miaka zaidi ya mitatu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba wajumbe waweza kutaka makaratasi ya Rais ya faragha, lakini mahakama zipime kwa uangalifu haja yao. Na mwaka 2024 ikaamua kwamba Rais ana kinga kubwa asishitakiwe kwa jinai juu ya matendo ya kazi yake, ila hana kinga kwa matendo yasiyo ya kazi. Wamarekani wenyewe wamegawanyika: wengine wasema kinga hiyo yamwezesha Rais kutenda bila hofu ya adui zake, wengine wasema yamfungulia mlango asiulizwe.

Sisi si waamuzi wao. Twaona hili tu: mafuta ya Teapot Dome hayakuokolewa na wema wa wakubwa, maana Rais alikuwa mpole na bado amana ikachukuliwa. Yaliokolewa na gazeti lililotangaza, na seneta aliyeuliza fedha zimetoka wapi asichoke alipotukanwa, na mahakama iliyosema kwamba aulizwaye hana budi kujibu. Haki hiyo ya kuuliza ni kama jembe la shamba: lisipolimiwa huota kutu, na siku ya haja likakatika mkononi. Anayepewa ufunguo wa ghala, awe Rais wa Marekani au mweka hazina wa chama kidogo cha kijiji, asione haya kuulizwa habari zake. Na wenye ghala wasione haya kuuliza, hata kama mshika ufunguo ni rafiki yao.