Moshi wa Kuni na Vumbi Jekundu: Hoja ya Kupima Kemia ya Hewa katika Miji ya Mlima Kenya

Ikisiri

Makala hii inajadili muundo wa kikemia na vyanzo vya chembe laini zinazochafua hewa ya Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya. Inatoa hoja kwamba uzito wa chembe, ambao ndio msingi wa kanuni za Kenya, hauonyeshi nani apunguze nini, na kwamba matokeo ya Nairobi yakihamishiwa mlimani yatapotosha sera. Inapendekeza kipaumbele kiwe moshi wa kuni.

Utangulizi

Kwa Wakenya wengi uchafuzi wa hewa ni jambo la Nairobi: malori ya Mombasa Road, jaa la Dandora, mabomba ya moshi ya Eneo la Viwanda. Nyeri, iliyo mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari kati ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ndiko mtu anakokwenda kupumzisha mapafu. Imani hiyo ina msingi kiasi, kwa kuwa magari ni machache na miti ni mingi. Lakini imetufanya tusiulize chembe anazovuta mkazi wa miji hii kila siku zimetengenezwa na nini na zinatoka wapi.

Chembe laini ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Udogo huo huziwezesha kupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 ziliruhusu wastani wa mwaka wa maikrogramu 35 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani lilishusha pendekezo lake kutoka 10 hadi 5 mwaka 2021. Tofauti kati ya viwango hivyo ni kubwa, lakini vyote viwili vinahesabu uzito tu. Gramu ya vumbi la barabarani na gramu ya masizi huhesabiwa sawa.

Kichujio kinasema nini

Tuchukue kichujio cha maabara, kiduara cheupe chenye upana wa milimita 47, kilichopitishiwa hewa kwa saa 24. Kikiwekwa kando ya barabara ya malori hutoka cheusi. Kikiwekwa katika jiko la kuni mbichi hutoka na rangi ya kahawia. Kikiwekwa kando ya barabara ya udongo wakati wa kiangazi cha Februari huelekea wekundu. Mizani inaweza kutoa jibu moja kwa vyote vitatu. Kemia haiwezi.

Mionzi ya eksirei huonyesha elementi zilizomo. Silikoni, alumini, chuma na titani zikipatikana pamoja, chanzo ni udongo; na miteremko ya Nyeri imefunikwa na udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, wenye chuma na alumini kwa wingi. Potasiamu ikizidi kiasi kinacholingana na udongo, kuna mimea iliyoteketezwa. Zinki huelekeza kwenye matairi na takataka zilizochomwa. Risasi, iliyokuwa alama ya petroli, ilipoteza kazi hiyo nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006.

Kaboni huhitaji hatua nyingine. Kipande cha kichujio hupashwa moto ndani ya heliamu, na kaboni ogania hutoka kwanza. Kisha oksijeni huingizwa, na kaboni nyeusi huungua. Moshi wa kuni huacha pia levoglukosani, sukari inayozaliwa selulosi inapoungua, ambayo haitoki kwenye dizeli wala kwenye vumbi. Kaboni-14 nayo hutenganisha mafuta na mimea: nusu-uhai wake ni miaka 5,730, kwa hiyo mafuta ya petroli, yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake, ilhali mti uliokatwa jana unayo.

Zipo pia chembe ambazo hazikutoka kwenye bomba lolote zikiwa chembe. Gesi ya dioksidi ya salfa hugeuka salfeti hewani, na oksidi za naitrojeni hugeuka naitreti. Zote mbili hushikana na amonia, ambayo katika eneo hili hutoka kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa na mbolea ya mashambani. Naitreti ya amonia hudumu zaidi penye baridi na unyevu, kwa hiyo majira ya baridi yaitwayo gathano, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapolala mjini hadi saa nne asubuhi, ndiyo ya kuitafuta.

Nairobi si Nyeri

Utafiti unaorejelewa sana kuhusu vyanzo vya chembe laini nchini ulichapishwa na Gaita na wenzake mwaka 2014, kutokana na sampuli zilizokusanywa Nairobi kati ya Mei 2008 na Aprili 2010. Wastani ulikuwa maikrogramu 21 mjini na 13 pembezoni mwa jiji, na magari pamoja na vumbi la madini vilibeba takribani asilimia 74 ya chembe hizo. Kazi hiyo ni nzuri. Hatari iko katika kuifanya kipimo cha nchi nzima.

Sera ya Nyeri ikiegemea takwimu za Nairobi, itaanza na matatu na lami. Hatua hizo zina faida, na moja imekwisha kuchukuliwa: tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Lakini nishati ya Mlima Kenya si ile ya jiji. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya za Kenya hupika kwa kuni hasa, na mzigo huo uko mashambani na katika miji midogo. Shule za bweni hupika githeri kwa kuni. Viwanda vya chai vya ukanda huu, kama Gathuthi, Chinga na Ragati, huhitaji mvuke mwingi wa kukausha majani, na boila za viwanda vya wakulima wadogo hulishwa kwa kiasi kikubwa na magogo ya mikaratusi. Upande wa Mwea, baadhi ya mabua ya mpunga huchomwa shambani baada ya mavuno.

Moshi wa mbali nao umo. Kituo cha kufuatilia angahewa cha Mlima Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1999 kwenye mwinuko wa mita 3,678, kilijengwa kwa sababu mlima huo unafikia hewa ya tabaka za juu. Usiku hewa inayoshuka pale huwakilisha eneo pana la Afrika ya ikweta. Mchana joto la miteremko hupandisha hewa ya mashamba na miji. Mtu asiyetenganisha saa hizo atalaumu Karatina kwa moto wa savana uliowashwa nchi nyingine, au atasingizia savana moshi wa Karatina.

Ushahidi wa Laikipia

Eneo hili lina ushahidi wake kuhusu jiko. Katika shamba la Mpala, Laikipia, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 wa kaya 55, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Walipima moshi dakika kwa dakika badala ya kuridhika na wastani wa siku. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na mafiga. Mama anapoinama kupuliza moto, kuni huwa zinafuka bila kuwaka, na moshi unaotoka ni mzito, wenye kaboni ogania nyingi. Mwali ukishika, moshi hupungua na masizi meusi huongezeka. Wastani wa siku hufuta dakika zile ambazo uso wa mpishi uko juu ya moto.

Matokeo yao yana uzito wa kisera. Hatari ya maambukizi ya njia ya hewa ilipanda kwa kasi kiwango cha moshi kilipokuwa bado chini, kisha kasi ikapungua kilipopita maikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Maana yake ni kwamba jiko linalopunguza moshi kutoka kiwango cha juu mno hadi cha juu huleta nafuu ndogo. Jiko lililoboreshwa ni hatua. Gesi na stima ndiyo shabaha. Kwa hiyo kodi ya gesi ni sera ya hewa: VAT ya asilimia 16 iliyorejeshwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022 na kuondolewa 2023, iligusa mapafu ya wakazi wa Othaya, Nyeri, kuliko amri nyingi za mazingira.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema uchambuzi wa kemia ni anasa, na kwamba vihisi vya bei nafuu vinatosha. Vihisi hivyo hupima mwanga wa leza unaotawanywa na chembe. Wakati wa ukungu, chumvi za salfeti na naitreti hunyonya maji na kuvimba, na namba hupanda bila uchafu kuongezeka. Kinyume chake, masizi mabichi ya dizeli yaliyo chini ya maikromita 0.3 hivi hayaonekani vizuri. Chombo kinachokosea kuelekea pande mbili hakiwezi kuamua mzozo kati ya mwenye matatu na mwenye boila. Vihisi vina kazi yake, mradi virekebishwe kwa vichujio.

Pingamizi la pili ni la haki: kutaja kuni ni kumlaumu maskini. Lawama hiyo ingefaa kama hoja ingeishia kwenye mafiga ya mama. Lakini shule ina bajeti, kiwanda cha chai kina mapato, na Hazina ina uwezo juu ya bei ya gesi. Kemia inayotenganisha moshi wa kuni na vumbi ndiyo inayomwezesha mama huyo kudai haki yake.

Hitimisho

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linakabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Kaunti za Nyeri, Kirinyaga na Laikipia zinaweza kugawana gharama ya vituo vichache vya vichujio, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina viko hapo hapo kufanya kazi ya maabara. Sampuli zichukuliwe wakati wa gathano na wakati wa kiangazi, jikoni na barabarani. Matokeo yasisubiriwe ili kuanza kupunguza moshi wa kuni, ambao madhara yake ushahidi wa Laikipia uliyaweka wazi tangu 2001: majiko ya shule za bweni yaondolewe kwenye kuni kwanza, kwa kuwa huko mnunuzi wa nishati ni mmoja, wanaovuta moshi ni wengi, na uamuzi unahitaji sahihi ya bodi moja tu.