Maktaba ya Mji wa Peterborough

Maktaba ya Mji wa Peterborough ni maktaba ya umma iliyopo katika mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ilianzishwa tarehe 9 Aprili 1833 kwa kura ya mkutano wa wananchi wa mji huo. Mara nyingi hutajwa kuwa maktaba ya kwanza nchini Marekani iliyoanzishwa kwa fedha za umma ili itumiwe na wakazi wote bila malipo, na ambayo imeendelea kugharimiwa hivyo hadi leo.

Mji

Peterborough uko kusini mwa New Hampshire, mahali mto Nubanusit unapoingia katika mto Contoocook, si mbali na mlima Monadnock. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1760. Katika karne ya 19 maji ya mito hiyo yaliendesha mitambo ya viwanda vya nguo za pamba. Maktaba ilipoanzishwa mji ulikuwa na wakazi takriban 2,000, wakiwemo wakulima na wafanyakazi wa viwandani. Siku hizi wakazi wake ni zaidi ya 6,000.

Maktaba kabla ya mwaka 1833

Kabla ya wakati huo maktaba nyingi za Marekani zilikuwa mali ya vyama. Mtu alinunua hisa au kulipa ada ya kila mwaka ndipo aruhusiwe kuazima vitabu. Chama maarufu cha aina hiyo kilianzishwa na Benjamin Franklin na wenzake huko Philadelphia mwaka 1731. Mfumo huo ulieneza vitabu, lakini asiyeweza kulipa ada alibaki nje.

Palikuwa na majaribio ya kutumia njia nyingine. Mji wa Franklin, Massachusetts, uliochukua jina la Benjamin Franklin, ulimwomba awape kengele ya kanisa. Yeye akawapelekea vitabu. Mwaka 1790 mkutano wa mji uliamua vitabu hivyo viazimwe na wakazi bila malipo. Huko Salisbury, Connecticut, maktaba ya watoto ilianza mwaka 1803 kwa vitabu vilivyotolewa na Caleb Bingham, na mwaka 1810 mji ulitoa fedha za kuisaidia. Hata hivyo maktaba hizo mbili zilianza kwa zawadi ya mtu mmoja, si kwa fedha za wananchi.

Kuanzishwa

Fedha za kwanza za maktaba ya Peterborough zilitokana na mpango mwingine ulioshindikana. Serikali ya New Hampshire ilijaribu kukitwaa Chuo cha Dartmouth, lakini mwaka 1819 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haikuwa na haki hiyo. Mwaka 1821 bunge la jimbo likaanzisha mfuko wa elimu, uliochangiwa kwa kodi ya mabenki, ili kijengwe chuo kikuu cha jimbo. Chuo hicho hakikujengwa. Mwaka 1828 sheria mpya iliagiza fedha za mfuko zigawiwe miji, zitumike kwa shule za bure za msingi au kwa madhumuni mengine ya elimu.

Miji mingi ilizipeleka fedha hizo shuleni. Wananchi wa Peterborough, walipokutana Aprili 1833, waliamua kwamba sehemu ya fungu lao inunue vitabu vya maktaba itakayokuwa wazi kwa kila mkazi. Kwa uamuzi huo kitabu cha kuazima kilihesabiwa kuwa elimu, sawa na darasa, na mtu mzima aliyekwisha kuacha shule alipata haki ya kuendelea kujifunza kwa gharama ya mji.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa wazo hilo ni Abiel Abbot (1765 - 1859), mchungaji wa kanisa la Waunitari aliyehamia Peterborough mwaka 1827. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuanzisha maktaba ndogo ya watoto mjini humo.

Majengo

Mwanzoni maktaba haikuwa na jengo lake. Vitabu viliwekwa katika duka la bidhaa mchanganyiko ambalo pia lilikuwa na ofisi ya posta, na msimamizi wa posta ndiye aliyekuwa mkutubi. Mkazi aliweza kuchukua barua, kununua mahitaji ya nyumbani na kuazima kitabu mahali pamoja.

Jengo la kwanza la maktaba, lililojengwa kwa matofali, lilifunguliwa mwaka 1893. Lilisanifiwa na George S. Morison, mhandisi wa madaraja aliyejulikana kwa madaraja yake makubwa juu ya mito ya Mississippi na Missouri, ambaye ukoo wake ulikuwa na asili Peterborough.

Mwaka 1977 jengo liliongezewa sehemu mpya. Baadaye sehemu hiyo nayo haikutosha, na katika mradi uliokamilika mwaka 2021 ilibomolewa na kujengwa nyingine kubwa zaidi, huku jengo la 1893 likikarabatiwa na kuhifadhiwa. Gharama zililipwa kwa fedha za mji pamoja na michango ya watu binafsi.

Uendeshaji

Kwa mujibu wa sheria za New Hampshire, maktaba ya mji husimamiwa na wadhamini wanaochaguliwa kwa kura. Wadhamini humwajiri mkutubi mkuu, huweka kanuni na huandaa makadirio ya matumizi. Bajeti hupitishwa na wapiga kura wa mji kila mwaka. Kwa hiyo maktaba hutegemea ridhaa ya wananchi, na uamuzi wa 1833 ni kama unathibitishwa upya kila bajeti inapopita.

Huduma

Huduma ya msingi bado ni kuazimisha vitabu. Pamoja na hiyo, maktaba ina majarida, filamu, vitabu vya kusikiliza, kompyuta na intaneti. Kuna vipindi vya hadithi kwa watoto wadogo, mpango wa kusoma wakati wa likizo ya kiangazi, na vyumba vya mikutano.

Maktaba ya mji mdogo haiwezi kununua kila kitabu. Tatizo hilo hupunguzwa kwa ushirikiano: kitabu kisichokuwepo huombwa kutoka maktaba nyingine ya New Hampshire na kuletwa na magari ya Maktaba ya Jimbo, yenye makao yake Concord. Maktaba za jimbo hilo pia huchangia gharama za vitabu pepe.

Mjadala kuhusu nafasi ya kwanza

Sifa ya Peterborough kuwa ya kwanza ina wapinzani. Salisbury hudai nafasi hiyo kwa sababu ya fedha za mwaka 1810. Wengine husema kwamba fedha za 1833 zilikuwa kodi ya mabenki iliyokusanywa na jimbo, si kodi ambayo wakazi walijitoza wenyewe. Wanaoitetea Peterborough hujibu kwamba pale mambo matatu yalikutana tangu mwanzo: fedha za umma, matumizi ya bure kwa wote, na huduma isiyokatika.

Baada ya mwaka 1833

Mwaka 1849 New Hampshire ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuruhusu miji yake yote kutoza kodi kwa ajili ya maktaba. Massachusetts ilikuwa imeuruhusu mji wa Boston pekee mwaka 1848, na maktaba ya Boston ilifungua milango mwaka 1854. Uingereza ilipitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850.