Safu ya Lugha: Udhamini

Kijana wa mtaa wa Jabe, Bujumbura, akisikia "udhamini" hufikiria jezi za mpira. Babu yake alitawaliwa kwa neno hilo. Mwaka 1916, vita vya wakubwa wa Ulaya viliwang'oa Wajerumani Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, wakaingia Wabelgiji. Lakini mshindi hakupewa nchi iwe mali yake; alikabidhiwa aiangalie, na mwaka 1946 Umoja wa Mataifa ukaiweka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, chini ya udhamini wa Ubelgiji. Mdhamini, kama yule wa mahakamani, huwajibika kwa mwingine. Ndiyo maana uchaguzi wa Burundi wa Septemba 1961 ulisimamiwa na Umoja wa Mataifa, chama cha Uprona cha Mwanamfalme Rwagasore kikashinda, na uhuru ukaja Julai 1, 1962. Neno lililompa Mbelgiji kiti ndilo lililomdai akiachie.