Marafiki wa Luweero, mizinga ya Kisangani

Waasi wapya wa Kongo walipojitangaza mjini Goma Agosti 1998, walimsimika mwalimu wa historia kuwa kiongozi wao. Profesa Ernest Wamba dia Wamba alikuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, na pale Mlimani alijulikana kwa mihadhara na maandishi yake kuhusu demokrasia barani Afrika. Chama chake kiliitwa RCD. Kilikuwa na katiba, wasemaji na msululu wa makamu wa rais, ila wanajeshi wa maana walikuwa wa watu wengine: wa Rwanda na wa Uganda. Haukupita mwaka kabla profesa hajapinduliwa ndani ya chama chake, akakimbilia Kisangani chini ya ulinzi wa Waganda, huku wenzake waliobaki Goma wakimtambua Emile Ilunga, aliyekubalika Kigali.

Mgogoro huo wa uongozi ungeweza kuishia kwenye matamko ya redio. Uliishia kwenye mizinga, na majeshi mawili ya kigeni yakapigana mara tatu katikati ya mji wa nchi ya tatu.

Wakuu wa majeshi hayo, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Paul Kagame wa Rwanda, walijuana tangu vita vya msituni vya Luweero, nchini Uganda. Kagame alikuwa mkimbizi wa Kinyarwanda aliyekulia Uganda, na alijiunga na Museveni mwaka 1981, vita hivyo vilipoanza. NRA, jeshi la msituni la Museveni, ilipotwaa Kampala mwaka 1986, alipanda hadi ngazi za juu za ujasusi wa jeshi la Uganda. Kikosi cha RPF, waasi wa Kinyarwanda, kilichovuka mpaka kuingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990 kilitoka ndani ya jeshi hilohilo. Maofisa wa pande zote mbili walikuwa wamekula chungu kimoja na walikuwa wakipeana amri kwa Kiswahili, lugha ya makambini tangu enzi za msituni.

Kwa hiyo walipoivamia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa, mwaka 1996, walikwenda kama ndugu. Rwanda ilikuwa na sababu isiyopingika kirahisi: kambi za wakimbizi za Goma na Bukavu zilijaa askari wa zamani na wanamgambo wa Interahamwe waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na walikuwa wakijipanga kurudi. Uganda nayo ililalamikia waasi wake waliojificha upande wa pili wa milima ya Ruwenzori. Ili uvamizi uonekane kuwa mapinduzi ya Wakongo wenyewe, alitafutwa Laurent-Désiré Kabila, mwanamapinduzi mkongwe wa Fizi aliyeishi miaka mingi Dar es Salaam. Mobutu Sese Seko alianguka Mei 1997, baada ya takriban miaka 32 madarakani.

Malipo ya ushindi huo yalikuwa mazito. Mnadhimu Mkuu wa jeshi jipya la Kongo alikuwa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Hebu fikiria: nchi yenye ukubwa unaokaribia Ulaya Magharibi yote, na jeshi lake linaongozwa na ofisa wa jirani mdogo kuliko mkoa wa Tabora. Wakazi wa Kinshasa hawakulipenda jambo hilo, na Kabila alijua kwamba rais anayelindwa na wageni haishi muda mrefu. Julai 1998 alimwondoa Kabarebe, kisha mwishoni mwa mwezi akaamuru askari wote wa kigeni wafunge virago.

Tarehe 2 Agosti vikosi vya Goma na Bukavu viliasi. Siku mbili baadaye Kabarebe alifanya jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vya kijeshi bado wanalijadili: aliteka ndege za abiria uwanjani Goma, akazipakia askari, akavuka nchi nzima hadi kambi ya Kitona karibu na Bahari ya Atlantiki. Pale Kitona kulikuwa na maelfu ya askari wa zamani wa Mobutu waliowekwa chini ya mafunzo ya kuwarekebisha, wenye njaa na kinyongo, na wengi walijiunga naye. Katika siku chache walishika bandari ya Matadi na bwawa la Inga, na Kinshasa ikaingia gizani.

Kabila aliokolewa na majirani wengine. Angola ilituma vifaru kutoka Cabinda, Zimbabwe ikatuma ndege na makomando, Namibia ikaongeza askari. Angola ilihofia kwamba serikali mpya Kinshasa ingempa tena Jonas Savimbi na waasi wake wa UNITA maficho waliyoyapata enzi za Mobutu. Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe alikuwa na hesabu zake, za heshima na za madini. Baadaye kampuni za Wazimbabwe zilipewa migodi ya almasi na kobalti. Nelson Mandela, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, alitaka mazungumzo, lakini Mugabe aliongoza chombo cha ulinzi cha jumuiya hiyo na alikwenda vitani bila kumngoja. Kabarebe na watu wake walirudi nyuma hadi kaskazini mwa Angola, wakajichimbia kwenye uwanja wa ndege wa Maquela do Zombo hadi walipopata njia ya kurudi kwao kwa anga.

Nchi ikakatika vipande. Magharibi na kusini zilibaki kwa Kabila na wafadhili wake. Mashariki na kaskazini zilikuwa za Rwanda na Uganda. Na hapo marafiki wa zamani walianza kutazamana kwa jicho la husuda.

Walitofautiana kwanza kuhusu namna ya kupigana. Kigali ilitaka vita vya haraka: Kabila aondoke, awekwe mwingine, mpaka uwe salama. Museveni alikuwa na falsafa ya Luweero, kwamba Wakongo wafundishwe wapigane wenyewe na wajenge utawala wao kijiji kwa kijiji. Ndiyo maana alimlea Jean-Pierre Bemba, mfanyabiashara kijana mtoto wa tajiri, aliyeanzisha chama cha waasi cha MLC huko kaskazini, na pia akamshika mkono Profesa Wamba alipotimuliwa Goma. Kulikuwa na suala la ukubwa vilevile. Wanyarwanda waliona wao ndio waliobeba mzigo wa vita na wamechoka kutendewa kama vijana wa msituni. Waganda waliona hawa ni wadogo zao waliosahau walikotoka.

Halafu kulikuwa na Kisangani.

Mji huo uko pale Mto Kongo unapoanza kupitika kwa meli hadi Kinshasa, chini ya maporomoko ya Wagenia. Kiswahili kilifika huko na misafara ya Tippu Tip, Mzanzibari ambaye mwaka 1887 alipewa hata ugavana wa Stanley Falls, jina la zamani la eneo hilo, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Umbali wake ni zaidi ya kilomita 500 kutoka mpaka wowote wa Uganda au Rwanda. Si Interahamwe wala waasi wa Uganda waliokuwa tishio katika mitaa yake. Kilichokuwepo ni viwanja viwili vya ndege, Bangoka na Simi-Simi, na maduka ya kununulia almasi zilizotoka Banalia, Bafwasende na misitu ya jirani. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililoandika ripoti mwaka 2001 lilionyesha almasi zikiuzwa nje kwa jina la Uganda, nchi isiyojulikana kuwa na mgodi wa almasi. Rwanda ilikuwa na ofisi yake Kigali ya kushughulikia mapato ya Kongo. Hoja ya usalama wa mpaka ilikuwa na uzito Goma na Bunia. Kule Kisangani hoja hiyo ilikosa miguu ya kusimamia.

Julai 1999 mkataba wa kusitisha mapigano ulisainiwa Lusaka na nchi sita. RCD haikusaini kwa sababu haikujulikana RCD ni nani: Ilunga wa Goma au Wamba wa Kisangani. Ilipokubaliwa kwamba ihakikiwe nani hasa ana watu, kila mfadhili alitaka mtu wake aonekane ndiye mwenye mji. Usiku wa 14 Agosti risasi zikaanza, zikanguruma hadi tarehe 17, pale Museveni na Kagame walipokutana Mweya, katika mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda, wakakubaliana kusimamisha. Waganda walishindwa vibaya. Wamba akahamishia makao Bunia. Mwisho wa mwezi ufumbuzi wa sahihi ulipatikana kwa njia ya kuchekesha kidogo: waanzilishi wa RCD, wapatao 50, wote walisaini.

Mapigano yalirudi Mei 2000. Safari hii dunia ilikuwa inatazama. Waangalizi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, walikuwa mjini, na marais wawili (Kagame alikuwa ameapishwa urais mwezi uliotangulia) walikubaliana kuondoa majeshi yao na kuuacha mji bila silaha. Vikosi vilianza kujipanga kuondoka. Kisha asubuhi ya Jumatatu, 5 Juni, makombora yalianza kuvuka juu ya paa za nyumba.

Waganda walikuwa kaskazini, ng'ambo ya Mto Tshopo, na Wanyarwanda walishikilia katikati ya mji. Daraja la Tshopo ndilo lililogombewa, na mtaa wa Tshopo ulio kando yake ndio uliopigwa kuliko yote. Makombora zaidi ya 6,000, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, yaliangukia mji uliojaa watu. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Familia zilijibana chini ya vitanda na ndani ya mitaro kwa siku sita, na waliokufa walizikwa uani kwa sababu hapakuwa na njia ya kufika makaburini. Kanisa Kuu la Mama wa Rozari, lililo kando ya mto, lilipigwa. Shule zilipigwa. Hospitali kuu ilipigwa. Tarehe 10 Juni, Waganda walipokuwa wamerudishwa ng'ambo ya daraja, kukawa kimya.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inataja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760 kulingana na vyanzo, majeruhi zaidi ya 1,000 na nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa. Hakuna hata mmoja wa waliopigana aliyekuwa Mkongo kwa sare aliyoivaa. Serikali ya Kinshasa haikuwepo katika vita hivyo, na waasi wa Kongo hawakuwa na la kuamua. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likizitaka Uganda na Rwanda ziondoke Kisangani na zote mbili zilipe fidia.

Kilichofuata kuhusu fidia kiliamuliwa na karatasi ya zamani. Mwaka 1963, Uganda ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu uhuru, ilitoa tamko la kukubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Rwanda haikufanya hivyo. Kongo ilipofungua mashtaka, kesi dhidi ya Uganda ilisikilizwa, na Desemba 2005 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivamia, ilikalia kimabavu Ituri na ilishindwa kuzuia uporaji wa mali. Kesi dhidi ya Rwanda ilitupwa Februari 2006 kwa kukosa mamlaka, bila majaji kugusa kilichotendeka. Waliopigana kwenye daraja moja, kwa wiki moja, wakaishia mmoja mdaiwa na mwingine huru.

Deni lenyewe lilichukua miaka mingine 16 kukadiriwa. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa, kujeruhiwa na kunyanyaswa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Uganda ilipangiwa kulipa dola milioni 65 kila Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026, na ilianza kulipa kwa wakati. Wakati huohuo askari wake walikuwa tena ndani ya Kongo, safari hii kwa mwaliko wa Kinshasa, wakiwasaka waasi wa ADF. Rwanda nayo imetajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa nyuma ya waasi wa M23, waliotwaa Goma Januari 2025, ingawa Kigali inakana.

Fedha za fidia hupitia mfuko maalumu uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani. Waathirika wameandamana mara kadhaa wakilalamika kwamba orodha zina majina yasiyojulikana mitaani na malipo hayafiki. Mwaka 2025 kashfa ilipanda hadi kwenye baraza la mawaziri: karibu dola milioni 19 za mfuko huo zilikuwa zimelipwa kwa kampuni ya ujenzi ili ijenge gereza mjini humo. Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu Juni, akakana kutenda kosa, na Septemba mahakama ya juu ya Kinshasa ikamhukumu kazi ngumu miaka mitatu. Kwa upande wa Rwanda, hakuna mahakama iliyowahi kuitoza hata dola moja kwa ajili ya Kisangani, ingawa azimio 1304 bado halijafutwa.