Historia ya Hitilafu: Linux kutoka Dar es Salaam hadi Rusizi

Historia ya kompyuta katika Afrika Mashariki mara nyingi huandikwa kwa tarehe za uzinduzi. Tunasoma ni mwaka gani mashine zilifika, ni kiongozi gani alikata utepe na ni shule ngapi zilipewa. Ni nadra kusoma yaliyotokea wiki ya tatu, mashine ya kwanza ilipogoma kuwaka. Insha hii inaanzia hapo. Hoja yangu ni kwamba mfumo endeshi wa Linux ulitokana na hitilafu, ulifika kwetu pamoja na hitilafu zake, na ili udumu mahali popote ulihitaji mambo mawili: mtu aliyeruhusiwa kuifungua mashine, na maneno ya kueleza ubovu wake.

Kwa wenzangu wa idara ya lugha, nieleze kwanza Linux ni nini. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza kompyuta: ndiyo inayozungumza na kibodi, skrini, diski na kifaa cha Wi-Fi, kisha ikazipa nafasi programu nyingine zifanye kazi. Windows ni mfumo endeshi. Linux pia huitwa hivyo, ingawa kwa usahihi jina hilo ni la kerneli, yaani kiini cha mfumo. Tofauti kubwa ni kwamba msimbo wa Linux uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake.

Chanzo cha fikra hiyo ni karatasi zilizokwama. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa mashine mpya ya kuchapisha kutoka kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara, na aliyetuma kazi yake hakujua mpaka aende kuichukua. Kwa mashine ya zamani, Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika maabara hiyo, alikuwa ameongeza maagizo yaliyowapa watu taarifa karatasi zinapokwama. Kwa mashine mpya hakuweza, kwa kuwa msimbo wake haukutolewa. Alipomwendea mtu aliyekuwa nao, alikataliwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameahidi kuuficha. Mwezi Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo mzima ulio huru. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba alikuwa akitengeneza mfumo wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 21, rika letu. Kerneli yake ilipounganishwa na programu za GNU, mfumo huru ulikamilika.

Hapa lugha zetu zina la kusema. Kwa Kiingereza, neno moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipa, na Stallman ametumia miaka mingi kueleza kwamba anakusudia ile ya kwanza. Kiswahili hakina shida hiyo: tuna huru, na tuna bure. Lakini bure yetu ina mtego wake, kwani kitu cha bure kinaweza pia kuwa kitu kisicho na faida. Kinyarwanda nacho husema ku buntu kwa kitu kisicholipiwa, na neno hilo ni ndugu wa ubuntu, utu na ukarimu. Tarehe 20 Oktoba 2004 ulipotolewa mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Mnyarwanda hakuhitaji kufafanuliwa jina. Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Kwa nchi isiyo na bahari, iliyotegemea setilaiti kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, CD moja ndani ya bahasha ilikuwa njia ya haraka kuliko intaneti yenyewe.

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulijua kama tunavyoijua historia ya usanifishaji. Mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitafsiri OpenOffice, programu huru ya kuandikia na kufanyia hesabu, na mwezi Desemba ukaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kabla ya kutafsiri chochote ilibidi istilahi zipatikane, kwani huwezi kutafsiri orodha ya amri bila kuafikiana kwanza faili, kidirisha na kiolezo ni nini. Hakuna aliyehitaji kumwomba mwenye mali ruhusa, maana msimbo ulikuwa wazi.

Hata hivyo, istilahi hizo zilikuwa hasa za mashine iliyo nzima. Zilimwezesha mtu kufungua, kuhifadhi na kuchapisha. Yale yanayotokea mashine inapougua yalibaki bila kamusi, na umuhimu wa pengo hilo unaonekana tukifika Rwanda.

Mwaka 2007 serikali ya Rwanda iliingia katika mradi wa One Laptop per Child, ulioanzishwa na Nicholas Negroponte wa MIT. Katika miaka iliyofuata zaidi ya kompyuta 200,000 aina ya XO zilisambazwa katika shule za msingi, na hivyo Rwanda ikawa mshiriki mkubwa kuliko nchi zote za Afrika. Maelfu ya watoto wetu walianza kugusa kompyuta kwa Linux, pengine bila kulisikia jina hilo, kwani XO iliendeshwa na Linux ya Fedora na kuvishwa sura ya watoto iliyoitwa Sugar. Ilikuwa mashine ndogo, ya kijani na nyeupe, yenye kumbukumbu ya megabaiti 256, kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi, na skrini iliyosomeka hata juani. Fundi aliweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida.

Hitilafu zake zilikuwa za ajabu kidogo. Iliyojulikana zaidi ilihusu sehemu ya kugusa inayosogeza mshale. Jasho, unyevu au joto viliifanya ipoteze vipimo vyake, na mshale ukaruka kutoka kona hadi kona kama panzi. Dawa ilikuwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya pembe nne za kibodi, ili vipimo vichukuliwe upya. Mwalimu aliyelijua hilo aliiponya mashine kwa sekunde chache. Asiyelijua aliiweka kando kama mbovu.

Hitilafu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ndani ya XO kulikuwa na betri ndogo ya saa, na katika baadhi ya mashine za mwanzo betri hiyo ililegea. Mashine ikasahau tarehe, ikaandika kwamba tarehe si halali, kisha ikazima. Kuirekebisha kulihitaji kuandika amri chache kabla mfumo haujaanza. Lakini XO nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa mfumo wa ulinzi ulioitwa Bitfrost, na mashine iliyofungwa haikupokea amri hizo bila ufunguo maalumu, ambao uliombwa kwa njia ya intaneti. Kufuli hilo lilikuwa na sababu: kompyuta ya mtoto ni windo rahisi la mwizi, na mashine isiyowaka baada ya kuibwa haina soko. Hata hivyo, aliyeweka kufuli alimfikiria mwizi kuliko fundi. Mashine iliyosifiwa kwa uhuru wa programu zake iliweza kumzuia mwalimu asiirudishie saa. Karatasi za Xerox zilikuwa zimekwama tena.

Kuanzia 2015 kompyuta za Positivo BGH, zilizounganishwa nchini, zilianza kuchukua nafasi ya XO. Linux haikuondoka kwa hilo. Ilibadili njia, na njia hiyo mpya inaonekana vizuri hapa Rusizi.

Wilaya yetu inatazamana na Bukavu, na mto Ruzizi ndio mpaka. Kiswahili kinachosikika sokoni Kamembe ni cha watu wanaovuka mpaka huo kila siku. Mwanafunzi wa hapa mara nyingi huanza na kompyuta iliyokwisha kutumiwa kwingine, kama tunavyovaa nguo za caguwa, neno tulilolipata kutoka chagua ya Kiswahili. Windows inapozidi uwezo wa mashine hiyo, mwenzake humletea Linux kwenye flashi, nayo husimikwa kwa nusu saa. Hapo ndipo kazi huanza.

Chukua mfano wa Wi-Fi. Baadhi ya kompyuta hizo zina kifaa cha Broadcom, ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na kiendeshi huru kutoka kampuni yenyewe. Kampuni ilitoa cha kwanza Septemba 2010, nacho hakikuhudumia vifaa vyote vya zamani. Matokeo yake ni kitendawili: ili upate intaneti unahitaji kupakua kiendeshi, na ili ukipakue unahitaji intaneti. Njia ya kutoka ni simu. Unaiunganisha kwa waya wa USB, unatumia data yake, unapakua kilichokosekana, kisha unawasha upya.

Au chukua ile saa tena. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ya saa imekufa huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Wi-Fi inaunganishwa vizuri, lakini tovuti zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ambayo mashine hiyo haijafika bado. Mwenye mashine husema, “Intaneti imekufa.” Akienda na maneno hayo kwa fundi atauziwa kifaa kipya cha Wi-Fi. Akisema, “Mtandao unashika, ila cheti kinakataliwa,” fundi atatazama saa, kisha atabadili betri yenye ukubwa wa sarafu.

Hapo ndipo ninapoona wajibu wetu. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Lugha rasmi huhitaji katiba na fomu, lakini huhitaji pia maneno ya mtu aliyeinamia mashine isiyowaka. Maneno hayo yapo: mafundi wa Kamembe na Bukavu husema mashine imeganda, imekata, inachelewa kuamka, haishiki. Hayamo katika istilahi za 2004 kwa sababu hayakuandikwa, na ujuzi wake unahama kila fundi anapohama. Ni nani ameandika jinsi walimu wetu walivyozitunza XO? Walimu hao bado wapo, na wengi wao wanakumbuka mshale uliokuwa ukiruka.

Napendekeza basi kwamba wanaotafuta mada za tasnifu katika idara yetu waende kwa mafundi na walimu hao wakiwa na kalamu. Wawaulize hitilafu ilionekanaje, walijaribu nini kwanza, nini kilisaidia, na waliiita kwa jina gani. Stallman aliweza kudai uhuru wake kwa sababu alijua kwa hakika kilichokwama na kwa nini. Sisi tuna msimbo wazi, tuna lugha ya pamoja pande zote mbili za mto, na tuna mashine za kutosha zilizogoma. Kinachobaki ni kuandika.