Nembo ya Programu Huria: Pengwini na Mbweha

Kabla ya kuwa alama ya chama au kampuni, nembo ilikuwa chale iliyokatwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa wapi. Walimu wa msamiati hawajaisahau maana hiyo. Je, nembo ya programu huria, ambayo msimbo wake unaweza kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa na yeyote, humtambulisha nani?

Mwaka 1996 washirika wa Linux walijadiliana kuhusu nembo yao. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alimtaka pengwini: mnene, amekaa kitako, ameshiba samaki, ameridhika. Larry Ewing alimchora kwa GIMP, ambayo nayo ni programu huria. Katika mashindano ya nembo pengwini huyo hakushinda! Hata hivyo watu walimpenda, wakamwita Tux, akabaki kuwa kikaragosi cha Linux hadi leo. Ewing aliruhusu kila mtu amtumie na hata kumbadilisha, mradi ataje jina lake na GIMP. Ndiyo maana tunamwona Tux katika mavazi ya kila namna.

Mambo ya Firefox yalikuwa tofauti. Kisakuzi hiki kiliitwa Phoenix, kisha Firebird, na majina yote mawili yakaachwa kwa sababu yalikuwa na wenyewe. Februari 2004 kikapata jina la tatu pamoja na nembo iliyokamilishwa na Jon Hicks: mbweha mwenye mkia wa moto aliyeizunguka dunia. Msimbo ulikuwa huria, lakini nembo ilikuwa alama ya biashara ya Mozilla. Watu wa Debian, wenye masharti makali ya uhuru, walitumia jina wakaiacha picha. Mwaka 2006 Mozilla wakasema jina na picha haviachani. Debian wakabadili vyote viwili, kisakuzi kikaitwa Iceweasel. Tukitafsiri harakaharaka, Kicheche wa Barafu.

Wengi walicheka. Mimi naona Mozilla walikuwa na hoja: tapeli angeweza kuivisha programu mbovu sura ya mbweha, na mtumiaji asingetambua. Lakini Debian nao waliuliza swali la haki: nikipewa nyumba na ruhusa ya kuibomoa na kuijenga upya, kwa nini nikatazwe kugusa kibao cha mlangoni? Ugomvi ulidumu miaka kumi. Mwaka 2016 wakapatana, na mbweha akarudi Debian.