Ruhusa Yenye Tarehe

Saa sita ya usiku ilipopita na kuingia tarehe 11 Novemba 2015, mji wa Montreal, Kanada, uliyaelekeza majitaka ya upande wa kusini wa kisiwa chake moja kwa moja kwenye Mto St. Lawrence, yakiwa vilevile yalivyotoka vyooni, majikoni na viwandani. Hakukuwa na bomba lililopasuka wala pampu iliyokufa. Mji ulikuwa umeamua, ukaomba ruhusa, ukapewa. Chanzo chake kwa mtu wa pwani yetu ni kioja: theluji. Montreal huzoa theluji ya barabarani kwa malori na kuimwaga kwenye mashimo makubwa yanayoshuka hadi bomba kuu, ambako uvuguvugu wa majitaka huiyeyusha. Shimo mojawapo lilitakiwa kuhama ili kupisha ujenzi mpya wa barabara ya Bonaventure, na kulihamisha kuliwalazimu mafundi kuingia ndani ya bomba lenyewe, ambalo hukusanya uchafu kwa urefu wa kilomita 30 hivi kabla ya kuufikisha kwenye mtambo wa kusafishia, mashariki mwa kisiwa. Mtu haingii humo maji yakiwa yanakwenda. Mji uliomba wiki moja, na lita bilioni 8.

Kelele zilizofuata zilivuka mipaka ya nchi. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, na Oktoba hiyo waziri wa mazingira, Leona Aglukkaq, aliuzuia mpango kwa amri ya muda. Serikali ikabadilika, na waziri mpya, Catherine McKenna, aliyeapishwa tarehe 4 Novemba, aliukubali tarehe 9 kwa masharti. Wengi waliona ukigeugeu wa wanasiasa, na pengine hawakukosea. Lakini aliyetazama siasa peke yake alipitwa na jambo kongwe zaidi. Ruhusa ya kumwaga kwa muda, wakati kitu kinajengwa au kinatengenezwa, ina umri mkubwa kuliko viwango vyenyewe vya majitaka. Watu huiona kama tundu lililotobolewa kwenye sheria. Mimi naiona kama mhimili uliofanya sheria isimame, na nadhani historia iko upande wangu, ingawa si kwa kila hatua.

Tuanzie Birmingham, Uingereza. Mji huo wa viwanda ulikuwa umejenga mifereji ya chini kwa chini ili kuuondoa uchafu majumbani, na mifereji hiyo ikaumwaga Saltley, kwenye Mto Tame. Chini ya mto alikaa Charles Adderley, mbunge na mwenye shamba kubwa la Hams Hall. Mto uliopita kwake uligeuka wa kunuka, mifugo ikakosa maji ya kunywa, na mwaka 1858 shauri likafika kwa Jaji William Page Wood. Utetezi wa mji ulikuwa wa hesabu: watu wapatao 250,000 wasiangamizwe kwa maradhi kwa ajili ya bwana mmoja na samaki wake. Jaji alikataa mizani hiyo. Kwake haki ya mtu wa chini ya mto haikupungua kwa sababu wanaomchafulia ni wengi, na kama mji ulitaka upendeleo huo, basi uende Bungeni ukauombe. Akatoa zuio.

Sasa zuio lile lingetekelezwaje? Kuufunga mdomo wa mfereji kungerudisha kinyesi cha robo milioni ya watu kwenye nyua zao wenyewe. Njia waliyoitumia majaji wa enzi hiyo, Birmingham na kwingineko, ilikuwa kutoa zuio kisha kuuahirisha utekelezaji wake: mjenge matangi ya kutuamisha tope, mtafute ardhi ya kumwagilia, na siku fulani mrudi hapa mtuonyeshe mlichofanya. Siku ilifika, kazi haikutosha, wanasheria wa Adderley walirudi, muda ukaongezwa kwa shingo upande. Hadi miaka ya 1870 mji bado ulikuwa unaitwa mahakamani, na mwaka 1877 Birmingham na majirani zake wakaunda bodi ya pamoja ya majitaka ya mabonde ya Tame na Rea. Halikuwa jambo la kasi. Ila tukumbuke kwamba mwaka 1858 hakuna aliyejua namna ya kusafisha majitaka ya mji mkubwa hivyo. Amri isiyo na muda ingevunjwa siku ya kwanza, na amri ikishavunjwa na kila mtu haimtishi tena mtu. Kuahirisha ndiko kulikoifanya amri iwe hai kwa miaka yote hiyo, kwa sababu kila ahirisho lilikuwa na tarehe, na kila tarehe ilikuwa na mtu wa kuikumbusha.

Ubaya wa kutokuwa na tarehe ulionekana upesi. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Kuzuia Uchafuzi wa Mito. Ilikataza majitaka mtoni, lakini ikamsamehe yeyote aliyeishawishi mahakama kwamba anatumia njia bora zinazowezekana na zinazopatikana. Msamaha huo haukutaja mwaka wala kipimo. Juu ya hayo, kazi ya kushtaki ilipewa zaidi mamlaka za miji, ambazo ndizo zilizokuwa wachafuzi wakubwa. Fisi kapewa bucha. Aliyekuwa hawezi mwaka 1876 aliweza kuwa hawezi tena mwaka 1896 bila kuulizwa. Huo ndio msamaha ninaokubali uitwe tundu, na ulipatikana kwa kuondoa kitu kimoja tu katika mtindo wa majaji: siku ya kurudi.

Kipimo kilichokosekana kilikuja kwa Tume ya Kifalme ya Majitaka, iliyoundwa mwaka 1898 na kufanya kazi hadi 1915. Ripoti yake ya 8, ya mwaka 1912, ilipendekeza kwamba maji yanayotoka mtamboni yasibebe zaidi ya miligramu 30 za chembe kwa lita, na kwamba uchafu wake usile zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita katika siku tano. Siku hizo tano zimesafiri mbali. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 zilipima kwa siku tano, kikomo kikiwa miligramu 30. Miaka miwili baada ya ripoti hiyo, mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett walieleza mjini Manchester njia ya tope hai: majitaka yanapulizwa hewa, vijidudu vinaongezeka na kula uchafu, kisha vinatuama na sehemu yake kurudishwa kula tena. Mitambo mingi mikubwa duniani leo inaendeshwa hivyo. Na hapo tatizo la matengenezo likabadilika sura, kwa kuwa mtambo sasa ni zizi. Ukiuzima umeme vijidudu vinakosa pumzi ndani ya saa chache tu, na kulikuza kundi jipya huchukua wiki kadhaa. Fundi akimaliza kufunga boliti ya mwisho, maji hayawi safi siku hiyo.

Waliopata kuiandika ruhusa hii ya muda kwa ukali kuliko wote ni Wamarekani. Sheria yao ya maji ya mwaka 1972, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon, ilimtaka kila anayemwaga mtoni awe na kibali chenye viwango. Kanuni zilizofuata zina kifungu juu ya kuyapitisha majitaka kando ya mtambo kwa makusudi, na kifungu hicho kinalikataza jambo hilo. Anayetaka kukwepa adhabu lazima aonyeshe kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kuepusha kifo, majeraha au uharibifu mkubwa wa mali. Kwamba hakuweza kuyahifadhi maji hayo, wala kutumia mtambo wa akiba, wala kungoja wakati wa kawaida wa kuzima mashine. Na kwamba alitoa taarifa, siku 10 kabla ikiwezekana. Halafu kuna sharti ninaloliona kuwa kiini cha yote. Kama kwa busara ya kawaida ya uhandisi alipaswa kuwa na pampu ya pili na hakuinunua, kukosa kwake pampu si udhuru. Uzembe wa jana hauwi dharura ya leo.

Wapo wanaosema mto hausomi vibali. Samaki hajui kama kinyesi kimemwagwa kwa ruhusa au kwa wizi, na mtoto anayeoga chini ya mto hawezi kuonyeshwa karatasi ya waziri. Ni kweli kabisa. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba upande wa pili wa mizani kuna mto safi. Hakuna. Upande wa pili kuna bomba ambalo halijaguswa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema, na tunasahau kutaja kwamba ufa huu hauzibiki maji yakiwa yanapita. Tume ya wataalamu iliyoundwa kuhusu Montreal iliona kwamba umwagaji usiopangwa, hasa wakati samaki wanataga, ungekuwa na madhara makubwa kuliko uliopangwa. Seattle, Marekani, ulipata somo hilo kwa namna nyingine tarehe 9 Februari 2017: katika mvua kubwa mtambo wa West Point ulipata hitilafu ya umeme, swichi za kuelea zilizopaswa kutoa ishara hazikufanya kazi, na mtambo ukafurika ndani kwa ndani. Majitaka yaliingia ghuba ya Puget Sound, na mtambo ulichukua takriban miezi mitatu kurudi kwenye viwango vyake. Huko hakuna aliyechagua msimu, na tarehe ya mwisho aliipanga bahati.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya muda kuzoea kukaa. Kanada yenyewe inatoa ushahidi. Kanuni zake za majitaka za mwaka 2012 ziliweka kikomo cha miligramu 25 kwa lita, kisha zikaruhusu mitambo isiyofikia kiwango hicho kungoja, kulingana na hatari yake, hadi mwisho wa 2020, 2030 au 2040. Mtoto aliyezaliwa kanuni zilipotoka atakuwa na miaka 28 ruhusa ya mwisho ikiisha. Sitautetea urefu huo. Naona umeinyima tarehe makali yake, maana waliotia saini watakuwa wamestaafu na hakuna atakayerudi kujieleza. Hata hivyo hapa kosa ni la urefu, na urefu hupunguzwa kwa kalamu. Mwaka 1876 hapakuwa hata na kitu cha kupunguza.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Mfumo wa Birmingham ulifanya kazi kwa sababu Adderley alikuwa na ardhi, kiti Bungeni na fedha za kuwalipa mawakili. Maskini waliochota maji ya Tame kwa ndoo hawakuwa na uwezo huo. Nani alikuwa Adderley wa St. Lawrence? Wamohawk, wenyeji wa asili wa Kahnawake, ng'ambo ya kusini ya mto, walipinga kwa sauti, wakasikika kwenye habari. Lakini hapakuwa na mahali ambapo kukataa kwao kungeweza kuisogeza tarehe hata kwa siku moja. Montreal uliwahi kumwaga hivyohivyo katika muongo uliotangulia, bila kelele za kufanana na hizi. Mto ulikuwa uleule. Tofauti ya 2015 ni kwamba watu waliambiwa mapema, na waliokasirika walipata muda wa kuuliza.

Kuuliza huko hakukuzuia bomba, lakini kulibadilisha kazi. Masharti ya McKenna yaliutaka mji upime maji wakati wa umwagaji na baada yake, na uwe na mpango wa tahadhari. Wakazi walishauriwa wasitupe chooni dawa, kondomu wala taulo za kike. Mafundi waliingia bombani wakijua nchi nzima inahesabu saa. Wiki iliyoombwa haikutimia: chini ya siku nne zilitosha, na lita bilioni 8 zikaishia 4.9. Tarehe 14 Novemba bomba lilirudishiwa maji yake, na majitaka ya kusini yakaanza tena safari ya kuelekea mtamboni.